Gari Linapokohoa

Wahenga hawakukosea walipotuusia kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeiandika katika insha zetu tangu shule ya msingi, aghalabu tukizungumzia ulevi, malezi au magomvi ya ndugu. Mimi nimeiona ikitimia kwenye kipande cha plastiki kisichozidi kikombe cha chai kwa ukubwa, chini ya boneti ya pikapu kuukuu. Ndugu msomaji, tega sikio nikusimulie, maana kisa hiki kina funzo hata kwa yule ambaye hajawahi kushika spana maishani mwake.

Pikapu yenyewe ni Peugeot 504 ya baba. Wazee wanaipenda 504 kwa ugumu wake. Magari ya aina hiyo yalishinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1975 na tena mwaka wa 1978, enzi ambazo madereva walipambana na vumbi na tope la kumeza magurudumu. Ya baba haina kompyuta wala mbwembwe. Ina silinda nne, kabureta moja, koili na distributa, basi. Kwetu ni Kinangop, nyanda za juu zaidi ya mita 2,400, ambako ukungu hushuka usiku ukalala juu ya mashamba kama blanketi. Usiku huo huo ndipo baba hupakia kabichi na viazi akaelekea soko la Wakulima, Nairobi, lile maarufu kwa jina la Marikiti. Anayefika kabla ya mapambazuko huuza kwa bei ya kuridhisha. Anayefika jua limechomoza huwabembeleza wanunuzi kama anayeomba msaada. Karo yangu na ya ndugu zangu wawili hutoka kwenye tofauti ya saa hizo mbili tatu.

Basi pikapu ikaanza kukohoa. Mafundi husema injini "inamisi", yaani silinda moja inakosa kulipua mafuta zamu yake inapofika. Injini ya silinda nne hulipua kwa mpangilio, moja, tatu, nne, mbili, kisha kurudi mwanzo, kama wanawake wanaotwanga kinu kimoja kwa zamu. Mmoja akikosa kushusha mchi wake, mdundo wote huvurugika. Gari hutikisika, nguvu hupungua, petroli ambayo haikuungua hutoka na moshi. Ukiwa na mzigo mlimani, utapitwa hata na mkokoteni.

Gari likapelekwa gereji. Fundi wa kwanza akabadilisha plagi zote nne, na gari likanguruma kama simba. Baada ya majuma mawili, kikohozi kikarudi. Wa pili akasema ni kabureta, akaifungua, akaiosha na kuweka plagi mpya. Likapona. Baada ya majuma mawili, yale yale. Wa tatu akabadilisha pointi na kondensa, akasafisha plagi kwa msasa, akapiga taimingi. Mambo yakawa shwari, kisha kikohozi kikarudi kama deni. Wa nne hakuuliza mengi. Alisikiliza kidogo, akapangusa mikono kwa kitambaa, akasema, "Mzee, hii injini imechoka. Ni ya kufungua. Leta elfu tisini." Baba alinyamaza. Nilijua anachohesabu. Elfu tisini ilikuwa karo, mbegu na mbolea, vyote kwa pamoja.

Hapo ndipo jirani alipotuelekeza kwa fundi mmoja mzee wa jua kali, mtu wa maneno machache. Tulipofika, hakushika hata kifuniko cha boneti. Alivuta kibao, akaketi, akaanza kuuliza kama daktari.

"Inamisi saa ngapi?"

"Usiku na asubuhi," baba akajibu. "Mchana inatulia."

"Ikiwa tupu ama na mzigo?"

"Na mzigo, Fundi. Tena kwa mlima."

"Na mkiweka plagi mpya?"

"Inapona siku kadhaa, halafu inarudi."

Ilikuwa likizo ya Agosti, nami nilikuwa nikisafiri na baba kama utingo. Nilikuwa na daftari ambamo niliandika tarehe, hali ya hewa, magunia tuliyobeba na mahali kikohozi kilipoanzia. Nikamkabidhi. Alilisoma ukurasa baada ya ukurasa, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, kisha akasema, "Kijana, umenifanyia nusu ya kazi. Kesho nitakuja kwenu saa kumi usiku."

Na kweli alikuja, giza likiwa totoro na ukungu umetanda. Gari likawashwa. Likakohoa hapo hapo. Akiwa na koleo lenye mpini wa mpira, alichomoa waya wa plagi mmoja mmoja huku injini ikinguruma. Alipochomoa wa kwanza, mngurumo ulishuka. Wa pili vilevile, na wa nne vilevile. Alipochomoa wa tatu, injini haikubadilika hata chembe. Mgonjwa akajulikana, silinda ya tatu.

Kisha akatueleza jambo ambalo sitalisahau. "Kitu kinachowahudumia wote hakiwezi kumnyima mmoja peke yake." Kabureta hulisha silinda zote nne. Koili, pointi na kondensa hutumikia zote nne. Vyote hivyo vikaondolewa mashaka bila kuguswa. Kilichobaki ni vile vya silinda ya tatu peke yake, yaani plagi yake, waya wake, shina lake kwenye kifuniko cha distributa, na ndani kabisa, ringi na vali zake.

Akaanza na kilicho rahisi. Alizima gari, akahamisha plagi ya tatu kwenye silinda ya kwanza na ya kwanza kwenye ya tatu. Akawasha. Kikohozi kilibaki pale pale kwenye silinda ya tatu, basi plagi haina hatia. Akabadilishana nyaya vivyo hivyo. Kikohozi hakikuhama, basi waya hauna hatia. Akatoa plagi na kupima mbano wa silinda zote kwa geji. Zote nne zilikaribiana. Injini iliyohukumiwa kupasuliwa ilikuwa nzima! Nilimwona baba akishusha pumzi ndefu.

"Sasa zimeni tochi," akasema yule mzee.

Tukazima. Injini ikawashwa tena, naye akanyunyiza maji kidogo, kama umande, juu ya kifuniko cha distributa. Loo! Uzi mwembamba wa samawati ulicheza gizani kutoka shina la waya wa tatu hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Moto uliopaswa kufika kwenye plagi ulikuwa ukitorokea njiani. Kifuniko kilipofunguliwa na kumulikwa, tuliona mstari mweusi mwembamba kama wa penseli. Ulikuwa ufa, na ndani yake masizi ya cheche za siku nyingi, nayo masizi hupitisha umeme.

Nikauliza mbona basi plagi mpya zilikuwa zikiponya gari kwa siku kadhaa. Hapa somo la fizikia lilinijia likiwa hai. Betri hutoa volti 12, nayo koili huzikuza hadi maelfu ya volti, kwa kuwa cheche ni lazima iruke mwanya wa plagi. Umeme hauna adabu ya kufuata njia uliyotengewa. Hufuata iliyo rahisi. Plagi mpya ni safi na mwanya wake ni mdogo, kwa hiyo cheche huruka kwa nguvu chache, na njia ya kwenye plagi huwa rahisi kuliko njia ya ufa. Plagi ikianza kuchafuka na kulika, nguvu zaidi huhitajika. Gari likipanda mlima na mzigo, hewa ndani ya silinda hubanwa zaidi, nazo nguvu zinazohitajika huongezeka tena. Ukungu nao unapolowesha kifuniko, njia ya ufa inakuwa mteremko. Mambo hayo matatu yakikutana, cheche hutoroka. Jua likiwaka, gari likiwa tupu uani kwa fundi, unyevu hukauka na ugonjwa hujificha. Ndiyo maana mafundi wanne hawakuuona. Walimchunguza mgonjwa saa ambazo alikuwa mzima, kisha wakatibu dalili.

Kifuniko kipya na rota yake havikufika elfu tatu. Mzee alitoza kazi yake kwa heshima, akakunywa chai ya maziwa, akaenda zake. Julai iliyofuata ilikuja na baridi na ukungu wake, na pikapu ikapanda milima na kabichi zake bila kukohoa.

Wenzangu, magari mengi ya siku hizi yana kompyuta. Ukiunganisha kifaa cha kupimia, unaweza kuandikiwa P0303, yaani silinda ya tatu inamisi. Hayo magari yasichomolewe nyaya ovyo, kwani vifaa vyake vya elektroniki vinaweza kuungua. Hata kwa ya zamani, umeme wa koili si wa kuchezewa na mikono mitupu. Lakini kumbukeni kuwa kifaa hicho hutaja anayekohoa tu. Hakisemi kwa nini anakohoa. Kwa nini ni kazi ya binadamu anayeuliza, anayeandika, na anayebadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja ili ajue ni kipi kilicholeta tofauti.

Nimeona wanafunzi wakitibiwa kama ile pikapu. Mtu anaanguka hesabu kila muhula, ananunuliwa vitabu vipya, anachangamka majuma mawili, kisha anarudi pale pale, na mwishowe anaambiwa kichwa chake kimechoka. Hakuna aliyemuuliza huanza kukosa saa ngapi na akiwa na mzigo gani. Huenda ni macho. Huenda ni njaa. Huenda ni sura moja tu ya kidato cha kwanza ambayo hakuielewa. Kabla hatujamhukumu mtu kuwa ni wa kufungua injini, tuzime tochi zetu kwanza, tutazame gizani cheche inatorokea wapi.