Kufuli na Nakala

Mwaka 1976, nilipokuwa na umri wa miaka 14, karani wa parokia yetu ya pwani, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, alifungua sanduku la mvule, akatoa kitabu cha ubatizo chenye jalada la ngozi, akaweka kidole juu ya mstari wa 1890 ulioandikwa Kilatini. Palikuwa na jina la Kikristo la mama yake bibi yangu, na mahali pa baba yake neno moja, *ignotus*, yaani hajulikani. Kwani alikuwa miongoni mwa watoto waliokombolewa utumwani, mfano wa wale waliolelewa na mapadre wa Roho Mtakatifu huko Bagamoyo tangu 1868, na mstari ule ndio nasaba yote aliyoturithisha.

“Mjukuu wangu,” akasema karani huku akizungusha ufunguo, “amana hii haipotei.”

Nami nilimsadiki, hata niliporudi baada ya miaka mingi, karani akiwa marehemu, ili niwanakilie wanangu mstari ule. Mchwa walikuwa wamepanda kwa chini ya sanduku. Kurasa zilizosalia zimegandamana kwa unyevu wa bahari, na wino wenyewe, uliochanganywa zamani kwa chumvi ya chuma, umeila karatasi hata herufi zikawa matundu. Ukurasa wetu ulikuwa vumbi.

Paroko, aliponiona nimeinama, alinikumbusha kwamba sheria ya Kanisa ya 1917 iliamrisha kila parokia impelekee askofu, mwaka hata mwaka, nakala ya vitabu vyake. Nikasafiri hadi jimboni, na katika nakala ya 1921 nikaukuta ubatizo wa bibi yangu, na jina la mama yake limeandikwa wazi, kwa mwandiko wa mtu aliyechoka.

Siku hizi masalia ya kitabu chetu yamelazwa katika boksi kavu, mbali na sakafu, na kila ukurasa umepigwa picha. Lakini mstari wa 1890 hautarudi. Kufuli lilimzuia mwizi, halikumzuia mchwa. Aliyetuhifadhia jina ni yule karani asiyejulikana aliyekaa kunakili. Basi, enyi mlio na funguo za masanduku kama lile, fungueni leo, mkanakili.