Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Msomaji kijana, yamkini umepata kuambiwa ya kwamba anthropolojia, yaani elimu ya watu na mila zao, ni elimu ya mambo ya kale tu. Nami nalidhani hivyo, hata siku nilipofungua kitabu nikawakuta humo watu wa kwetu.

Mwaka 1955 Mmarekani Robert LeVine na mkewe Barbara walikuja kukaa katika nchi ya Abagusii, ambayo leo ni kaunti za Kisii na Nyamira, wakachunguza malezi ya watoto hata mwaka 1957. Kitabu chao juu ya kijiji walichokiita Nyansongo kilitoka mwaka 1966. LeVine alirudi na wenzake kati ya mwaka 1974 na 1976, kisha wakawalinganisha akina mama wa Kigusii na wale wa Boston, Marekani. Waliona ya kuwa mama wa Kigusii alimkumbatia mtoto mchanga, na akilia alimtuliza upesi. Lakini hakumsemesha sana. Mama wa Boston alimsemesha mwanawe kama mwenzi wa mazungumzo.

Niliposoma hayo nalikasirika. Nani aliyewapa ruhusa ya kuwapima mama zetu? Nikampelekea nyanya habari hizo kijijini Nyamira, nikitumaini atazikana. Akacheka.

“Ni kweli, mjukuu wangu. Siku zile watoto wengi walikufa. Tulitaka kwanza aishi. Maneno angejifunza kwa ndugu zake.” Akamtazama kitukuu wake mgongoni kwa mamaye, akauliza: “Je, na huyu ataishi kwa jembe?”

Swali hilo liliniondolea hasira. Wachunguzi wale hawakusema ya kuwa mama zetu walikuwa wajinga. Walisema ya kuwa malezi yao yalikuwa na shabaha: mtoto apone, kisha awe mtiifu, asaidie kazi za shamba. Lakini ulimwengu umegeuka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto wanane. Mwaka 2022 wastani ulikuwa kati ya watatu na wanne. Mashamba ya kwetu yamegawanywa hata yamekuwa vipande, na wengi wetu watatafuta riziki kwa kalamu na maneno. Basi mkono umtulizao mtoto tusiuache, mazungumzo tuyaongeze.

Kwa hiyo, msomaji, chukua daftari uwaendee wazee wako. Usiulize tu, “Mlifanyaje?” Uliza pia, “Mlijikinga na nini?” Ukijua hatari ambayo mila iliikinga, utaweza kupima kama hatari hiyo ingalipo, au imekuja nyingine. Mgeni alikuja akaandika, nasi tumefaidika. Lakini hawezi kutuchagulia watoto wetu wawe watu wa namna gani. Kazi hiyo ni yetu wenyeji, na yafaa tuifanye kwa kujua.