Vibao na Kuta za Tallahatchie

Nilizaliwa na kukulia katika nchi ya pamba, Usukumani. Kwa hiyo nilipofika Mississippi mwezi wa Oktoba, nikaona mashamba meupe yamelala pande zote mbili za barabara hadi upeo wa macho, sikujihisi mgeni. Kitu kigeni kilikuwa kutomwona mtu yeyote shambani. Mashine moja kubwa kama nyumba ilikuwa ikivuna peke yake, na vumbi lake likiifuata.

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu habari za Emmett Till, kijana mweusi wa miaka 14 kutoka Chicago, aliyekwenda kuwatembelea ndugu wa mama yake huko Mississippi mwezi Agosti 1955. Alidaiwa kumpigia mluzi mwanamke mweupe aliyekuwa akiuza duka. Siku chache baadaye, usiku wa manane, mume wa mwanamke yule, Roy Bryant, na kaka yake wa mama mmoja, J. W. Milam, walimchukua kijana kutoka nyumbani kwa mjomba wa mama yake. Mwili wake ulipatikana mtoni tarehe 31 Agosti, ukiwa umefungwa shingoni, kwa seng'enge, pangaboi la mashine ya kuchambulia pamba. Wanafunzi wangu wengi hawajawahi kuliona pangaboi la namna hiyo. Mimi nimeliona. Ni chuma kizito ambacho mtu mzima hakibebi bila kukunja uso.

Hata hivyo, nilikuwa nikifundisha kosa moja, na ni safari hii iliyonisahihisha. Nilikuwa nikisema kwamba kisa kilianzia Money na kesi ikasikilizwa papo hapo. La hasha. Money iko katika Kaunti ya Leflore. Kesi ilisikilizwa katika kaunti jirani ya Tallahatchie kwa sababu mwili uliopolewa upande huo wa mto. Kaunti hiyo ina makao makuu mawili, Charleston na Sumner, na kila mji una mahakama yake. Kesi ilikwenda Sumner, mji mdogo mno ambao hata leo wakazi wake ni mamia machache tu. Waliosoma habari hizi katika ramani wanaweza kunicheka. Nakiri kwamba mimi nilizisoma katika vitabu bila ramani.

Mwenyeji wangu, mwalimu mwenzangu wa chuo kikuu, Mmarekani mweupe, alizaliwa mwendo wa nusu saa hivi kutoka Sumner. Aliniambia akiwa ameshika usukani, bila kunitazama, kwamba alimaliza shule ya sekondari bila kulisikia jina la Emmett Till hata mara moja. Alilisikia chuoni, kutoka kwa mwalimu aliyetoka jimbo jingine. Alirudi nyumbani likizo akamuuliza baba yake. Baba akasema kwamba mambo hayo yalikuwa ya zamani, akatoka nje kwenda kutazama ng'ombe. "Hatukuwa na ng'ombe wengi kiasi hicho," mwenyeji wangu akaongeza.

Tulianzia Money. Nilikuwa nikitafuta duka, naye akasimamisha gari kando ya kichaka akasema, "Ndilo hilo." Niliona kuta za matofali zilizofunikwa na mimea itambaayo, hazina paa, na mti umeota ndani. Kimbunga Katrina cha mwaka 2005 kilimaliza kazi ambayo uzembe ulikuwa umeianza. Mbele yake kuna kibao cha kumbukumbu kilichowekwa mwaka 2011, ambacho mwaka 2017 mtu alikikwangua, kisha maandishi na picha zake zikabanduliwa, ikabidi kitengenezwe upya.

Hatua chache kutoka hapo kuna kituo cha mafuta cha zamani, na hiki kinang'aa. Rangi mpya, pampu za kizamani, kibaraza safi. Mgeni asiyejua atadhani hapa ndipo historia ilipotokea. Kituo hicho kilikarabatiwa kwa zaidi ya dola 200,000 za mfuko wa jimbo uliotengwa kwa ajili ya maeneo ya historia ya harakati za haki za raia. Kisa cha kukipa fedha hizo kilikuwa kwamba kipo jirani na duka, na kwamba huenda watu walikaa barazani pake wakazungumzia yaliyotokea. Duka na kituo vilikuwa mikononi mwa familia moja, watoto wa mmoja wa wale watu kumi na wawili waliowaachia huru wauaji. Juhudi za kulinunua duka zimekwama mara kwa mara kwa sababu ya bei.

Nilisimama katikati ya majengo hayo mawili kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Sisi wasomi hupenda kulalamika kwamba serikali hazina fedha za kutunza turathi. Hapa fedha zilikuwapo. Zilipita mbele ya duka zikaenda kupaka rangi jirani yake.

Kutoka Money tulikwenda kaskazini hadi karibu na kijiji cha Glendora, tukaacha lami tukaingia njia ya kokoto kati ya mashamba, hadi ukingo wa mto Tallahatchie mahali paitwapo Graball Landing. Hapo ndipo panapotajwa kuwa mwili ulitolewa majini. Hakuna jengo. Kuna mto wa rangi ya udongo, miti, na kibao.

Kibao kile ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Cha kwanza kilisimikwa mwaka 2008, kikaibwa. Cha pili kikapigwa risasi mpaka yakahesabika matundu 317, na sasa kimo katika hifadhi ya taasisi ya Smithsonian, ambako mwaka 2021 kiliwekwa hadharani jijini Washington. Cha tatu kilisimikwa mwaka 2018, na kabla ya siku arobaini kutimia kilikuwa na matundu. Mwaka 2019 ikasambaa picha ya vijana wa chuo kikuu wakiwa wamesimama na bunduki mbele yake, wanatabasamu. Mwezi Oktoba mwaka huohuo kikawekwa cha nne, cha chuma kisichopenya risasi, chenye uzito unaozidi kilo 220, na kamera za ulinzi zikawekwa. Majuma machache baadaye likaja kundi la wabaguzi kupiga video yao mbele yake, na king'ora kilipolia wakakimbia.

Nilikigusa. Kilikuwa cha moto kwa jua. Nilijaribu kuyafikiria matundu 317 na nikaona kwamba hiyo si kazi ya mlevi mmoja aliyepita njia usiku. Njia ile haipiti mtu kwa bahati. Mtu lazima aamue kwenda, aiache lami, apite mashambani, ateremke garini, alenge, na wengine wafanye hivyo hivyo baada yake, kwa miaka. Huo ni ufuasi. Unahitaji uaminifu ambao wengi wetu hatuna katika mambo ya kheri.

Tuliingia Sumner saa sita mchana. Jengo la mahakama lilijengwa mwanzoni mwa karne ya ishirini. Ni la matofali, lina matao mazito na mnara wa saa, na linautawala mji kama meli iliyokwama kwenye kina kifupi. Mbele yake imesimama sanamu ya askari wa majimbo ya Kusini yaliyopigania kubaki na utumwa, iliyowekwa mwaka 1913. Upande wa pili wa barabara kipo kituo cha kumbukumbu ya Emmett Till. Askari na kituo vinatazamana kutwa nzima.

Ukumbi uko ghorofani. Umerudishwa kwa makusudi katika sura ya mwaka 1955, baada ya kazi ya miaka kadhaa. Zipo safu za viti vya mbao, kizimba, na viti kumi na viwili vya wazee wa baraza. Katika kesi ile wote kumi na wawili walikuwa wanaume weupe, kwa kuwa majina yao yalitoka katika daftari la wapiga kura, na katika daftari hilo hapakuwa na mtu mweusi hata mmoja, ingawa weusi ndio waliokuwa wengi katika kaunti. Waandishi wa magazeti ya weusi walipewa kimeza kimoja pembeni, na Charles Diggs, mbunge mweusi aliyekuja kutoka Detroit, naye akakaa hapohapo. Ni hapa Moses Wright, yule mjomba, aliposimama mbele ya ukumbi uliojaa watu waliokuwa na uwezo wa kumuua, akanyoosha kidole kumwonyesha Milam. Tarehe 23 Septemba wale kumi na wawili walitoka kujadiliana wakarudi baada ya dakika 67. Mmoja alisema wangerudi mapema zaidi kama wasingesimama kunywa soda. Miezi michache baadaye, wakijua kwamba hawawezi kushtakiwa tena kwa kosa lile, washtakiwa wawili waliuza maungamo yao kwa gazeti la Look.

Nilikaa katika kimojawapo cha viti vile. Sikuombwa, na wala sijui kama inaruhusiwa. Ni kiti kizuri. Ukikaa pale unaona dirisha, unaona vilele vya miti, upepo unakufikia. Nilitarajia kuhisi kitu kizito, nikahisi starehe, na hilo limenisumbua tangu siku ile.

Jengo hili halikupigwa risasi. Kwa nusu karne lilisimama palepale, hukumu zikiendelea kutolewa ndani yake, na hakuna aliyelikasirikia, kwa kuwa hakukuwa na neno ukutani. Mwaka 2006 Jerome Little, mtu mweusi wa kwanza kuongoza baraza la kaunti hiyo, alianzisha kamati ya kumbukumbu ya weusi na weupe. Jengo lilikuwa limechakaa na mji ulikuwa unakauka. Weupe wengi walitaka mahakama yao ikarabatiwe, na weusi walitaka jina la Emmett Till litajwe. Hapakuwa na fedha za paa pasipo historia. Basi wakaafikiana. Wapo wanaoona makubaliano hayo ni biashara tu. Mimi naona kwamba, baada ya miaka hamsini ya kungoja dhamiri ifanye kazi yake, Bwana Little alifanya busara kuutumia mvujo wa paa.

Tarehe 2 Oktoba 2007, mbele ya jengo hilo, kamati ilisoma tamko kwa familia ya Till. Wageni wanaofika ukumbini hualikwa kulisoma kwa sauti, kila mmoja kipande chake, nasi tukafanya hivyo. Linakiri kwamba haki ilipotoshwa vibaya, linajutia kwamba haikutafutwa, na linaiambia familia neno ambalo Kiingereza hulitumia kwa mambo mawili. Niliposoma kipande changu nilikuwa nikikitafsiri kichwani, kama ilivyo desturi yangu, nikakwama. Kiswahili kinanitaka nichague. Nikimwambia mfiwa "pole", nimemhurumia na sijakiri lolote. Hata mpita njia hutoa pole. Nikimwambia "niwie radhi", nimekiri kwamba mkono wangu umo. Neno lao linamruhusu msomaji kukaa popote kati ya hayo mawili. Baadhi ya wajumbe weupe wa kamati hawakutaka kuomba radhi kwa kosa ambalo, kwa maoni yao, hawakulitenda wao. Nadhani bila neno hilo lenye milango miwili tamko lisingetiwa sahihi.

Mwenyeji wangu alipewa aya ya mwisho. Aliisoma polepole. Tulipomaliza nilimuuliza, nikijua kwamba swali si la adabu, kama yeye angechagua pole au radhi. Alifikiri. Akasema, "Baba yangu angesema pole. Na angeisema kwa shida."

Tarehe 25 Julai 2023, siku ambayo Emmett angetimiza miaka 82, Rais Biden alitangaza kumbukumbu ya taifa kwa jina la kijana huyo na mama yake, Mamie Till-Mobley. Inajumuisha ukumbi huu, ukingo ule wa mto, na kanisa la Roberts Temple kule Chicago, ambako Mamie aliamuru jeneza liachwe wazi ili watu waone. Duka la Money halimo.

Tulitaka kukaa zaidi, lakini mhudumu alikuja kutuarifu kwamba ukumbi unahitajika. Sikuwa nimeelewa kwamba ile bado ni mahakama inayofanya kazi. Tuliposhuka ngazi tulipishana na wanasheria wawili wenye mafaili, na nyuma yao kijana mweusi aliyevaa shati jeupe lenye mikunjo ya boksi, na mama mtu mzima akimrekebishia kola huku wakipanda.