Setilaiti ya Maboksi

Likizoni, madrasa ya Jinja na ya Mbale tuliwakutanisha watoto, tukaunda mfano wa setilaiti kwa maboksi, gundi na karatasi za kung'aa. Kila upande ulikuwa sentimita 10, kama PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda, iliyoundwa Japani na wahandisi wetu na kurushwa tarehe 7 Novemba 2022.

Binti mmoja wa Mbale akauliza, "Maalim, na sisi wa madrasa tunaweza?"

Tukamjibu: swala tunaijua kwa jua, Ramadhani kwa mwezi. Vipi tuwe wageni wa anga?

Wazazi, msimwachishe binti hesabu akishahitimu juzuu. Amana hiyo tutaulizwa. Wabillahi tawfiiq.