Kibao cha Kuku

Kibao nilikishusha Jumamosi. Jina lililoandikwa pale halikuwa langu. Nilinunua haki ya kulitumia, kwa pesa za shamba la mwaitu. Jamaa wa kampuni aliniambia Konza ndiyo hii inakuja, wateja watajileta. Kweli, Kibaki alizindua ujenzi wa mji huo Januari 2013, kwenye ekari 5,000 zilizokuwa za ranchi yetu ya Malili. Lakini madereva wa malori wanaosimama hapa wanataka ugali na nyama. Na kuku, unga, hata karatasi za kufungia, lazima ninunue kwa kampuni, bei wanapanga wao.

Wakili kule Wote alisoma mkataba polepole. Kenya haina sheria maalum ya biashara hizi, akasema, utabanwa na ulichosaini. Nikamtajia mahakama ya madai madogo, ile ya mpaka shilingi milioni moja, kesi siku 60. Akanionyesha kifungu cha msuluhishi: ukienda kortini, wataomba kesi isimamishwe, na msuluhishi naye si wa bure.

"Walikuambia utauza, ama walikuambia mwingine ameuza?"

Sikuelewa. Akaeleza: kubashiri ni kubashiri tu, lakini kudanganya kuhusu jambo lililokwisha kutokea kunaweza kuvunja mkataba.

Nikakumbuka ile karatasi ya mauzo ya tawi la Emali. Jana nikampigia mwenye tawi. Akacheka, cheko la uchungu. Yeye alionyeshwa mauzo ya Malili, ya mwezi ambao mimi hata sikuwa nimefungua mlango.

"Hiyo karatasi bado unayo?" nikamuuliza.