Mama Anaposafiri Peke Yake



Huku kwetu Buhembe, mke wa mtu akionekana anaelekea stendi na begi lake, bila mume wala mtoto, majirani humwuliza, "Kuna msiba?" Hawaulizi kwa ubaya. Tumezoea kwamba mwanamke mwenye nyumba yake husafiri kwenda kuzika, kuuguza au kumpokea mjukuu. Safari ya kupumzika haimo katika hesabu. Mimi ni muuguzi, na wodini nimekutana na akina mama wengi ambao mara ya kwanza kulala mchana baada ya miaka mingi ni siku ile waliyolazwa. Je, ni lazima tuugue ndipo tupumzike?

Mwezi Agosti 2025 nilizungumza na mume wangu niende Mwanza siku nne, kwa rafiki niliyesoma naye uuguzi. Yeye alikubali. Mama mkwe alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Mwanangu, njia hiyo ilishatumalizia watu."

Alikuwa na sababu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitoka kwetu, imebeba watu kupita kiasi, na zaidi ya watu 800 walikufa. Mdogo wake mama mkwe alipandia Kemondo, peke yake. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa wameandikwa majina, hivyo familia ilikaa siku nyingi bila kujua kama kweli alipanda. Nilipofikiri juu ya hofu ya mama, niliona kwamba kilichomtesa miaka yote si kifo peke yake, bali na kule kutokujua.

Basi sikubishana naye. Nilichukua karatasi nikaandika jina la basi, namba ya kiti, saa ya kuondoka, jina la mwenyeji wangu na namba yake ya simu, nikampa yeye mwenyewe aitunze. Tukapatana nimpigie nikiwa Muleba, Geita na Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, ambapo zamani tulisubiri kivuko. Dada msomaji, hili ndilo la kwanza: asiwepo mama anayesafiri bila mtu wa nyumbani kujua yuko wapi. Kutoa taarifa si kuomba ruhusa kama mtoto. Hata mume akisafiri, adai apewe taarifa na aitoe vilevile.

La pili ni chakula. Usipokee biskuti, soda wala pipi kwa abiria usiyemjua, hata kama ni mtu mzima mwenye heshima zake. Kazini tumewahi kupokea wasafiri walioshushwa kwenye basi hawajitambui, mifuko mitupu. Sema, "Asante ndugu yangu, nimeshiba," utabasamu, yaishe. Beba ndizi zako, karanga na chupa yako ya maji.

La tatu ni maji hayo hayo. Akina mama wengi hawanywi maji safarini kwa kuogopa aibu ya kuchimba dawa porini. Kubana mkojo na kukaa na kiu kutwa nzima huchangia maambukizi ya njia ya mkojo. Kunywa kidogo kidogo, vaa khanga ya ziada, na basi likisimama mahali penye choo, shuka hata kama hujabanwa. Shuka pia kwa ajili ya miguu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba kukaa kitini saa nne au zaidi huongeza karibu mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Hatari yenyewe ni ndogo, lakini mjamzito na aliyejifungua karibuni wawe waangalifu zaidi. Ukiwa kitini, kunja na kukunjua nyayo mara kwa mara. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, nenda hospitali.

La nne ni fedha. Zigawe: nauli mkononi, nyingine mahali unapopajua wewe, nyingine kwenye simu. Dereva akienda mbio, usikae kimya kwa sababu wewe ni mwanamke. Basi halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Namba ya polisi ya dharura ni 112. Ukifika usiku, usitoke stendi mpaka mwenyeji wako aje. Ukilala nyumba ya wageni, hakikisha mlango unafungwa kwa ndani kabla ya kulipa.

Na raha je? Siku mbili nilikaa na rafiki yangu tukicheka mambo ya chuoni. Siku ya tatu nilitoka peke yangu. Asubuhi nilikwenda Igoma, kwenye makaburi ya waliokufa na MV Bukoba, nikampigia mama mkwe nikiwa palepale. Alilia, akaniuliza kama pamefyekwa majani. Mchana nilikaa kando ya ziwa nikala sato mzima na ugali, bila kumkatia mtu mnofu wala kuangalia saa. Sikumbuki mara ya mwisho chakula kilikuwa bado cha moto nilipomaliza.

Nyumbani watoto walikula, ingawa baba yao aliunguza maharage mara moja. Katika jumuiya yetu akina mama saba tumeanza kuweka akiba kidogo kila wiki, na kila baada ya miezi mitatu mmoja hupata nauli ya safari yake. Anzeni nanyi hivyo hivyo. Hata kama hela itatosha kwenda Muleba tu na kurudi jioni, nenda. Ila kabla ya kutoka, acha karatasi nyumbani.