Tabibu wa Karema

Hapa Majengo wapo wasemao kwamba ampelekaye mgonjwa kwa tabibu amepungukiwa na imani. Mimi huwajibu kwa habari za Adrian Atiman. Mtu huyu aliibwa angali mtoto huko Afrika ya Magharibi, akauzwa utumwani, hata Mapadre Weupe wakamkomboa. Wakampeleka Malta kujifunza utabibu. Mwaka 1889 akafika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, katika mkoa wetu huu wa Katavi, akawatibu watu huko hata alipofariki mwaka 1956. Naye alikuwa katekista pia. Aliyefunga vidonda ndiye aliyefundisha sala, wala hakuona kwamba kazi hizo mbili zapingana. (Wagonjwa nao hawakuona, nadhani, mwenye homa hana nafasi ya kubishana.)

Sasa katika jumuiya yetu yuko mama mjane, amelala siku ya pili kwa homa. Tumekwisha kumwombea. Jioni hii vijana wawili watampeleka hospitalini, na fedha zimechangwa. Sisi tubakio tutateka maji na kuwapikia watoto wake, nasi tutaendelea kuomba.